Daraja la Greta: Picha ya Rangi za Maji na Somo la Kueleza Mahali kwa Kiswahili

Ndugu walimu na wanafunzi wa Kiswahili, katika toleo hili tumeamua kuzungumzia picha. Huenda mkashangaa kuona idara ya lugha ikiacha ngeli na ushairi na kuingia katika mambo ya brashi na rangi. Hatujapotea njia. Makala haya yanahusu picha moja ndogo ya daraja la mawe iliyochorwa Uingereza mwaka 1805. Yanahusu pia tatizo tunalokutana nalo kila muhula katika somo la utungaji: wanafunzi wetu wanaweza kusimulia na wanaweza kujadili, lakini wakiambiwa waeleze mahali palivyo, kalamu inasimama.

Sababu wanayoitoa tunaijua sote: “Mwalimu, Kiswahili hakina maneno ya mambo hayo.” Tumeisikia kwa wanafunzi, na tukisema kweli, tumeisikia hata kwa walimu wenzetu ambao wakifika kwenye rangi na umbo huhamia Kiingereza. Jambo hili si dogo. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kutaka kifundishwe kwa lazima shuleni. Wanafunzi tunaowafundisha leo ndio watakaosimama mbele ya madarasa hayo. Wakienda huko wakiamini kwamba Kiswahili hakiwezi kueleza daraja na mto, watawarithisha watoto imani hiyo. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba maneno yapo. Kinachokosekana ni mazoea ya kutazama, kuchagua na kuweka kila kitu mahali pake.

Zoezi lililotufungua macho

Katika darasa la mwaka wa pili tuliwagawa wanafunzi wawili wawili, wakakaa wakipeana migongo. Mmoja alipewa nakala ya picha, mwenzake akapewa karatasi tupu na penseli. Mwenye picha alitakiwa aieleze kwa Kiswahili. Mwenye penseli achore anachosikia bila kuuliza swali. Tuliwapa dakika 10.

Mwanafunzi mmoja alieleza hivi: “Kuna daraja zuri sana juu ya mto. Kuna miti mingi. Kuna nyumba. Kuna mawe. Mandhari hii inavutia sana.” Sentensi zote hizo ni sahihi kisarufi, na mtahini asingekuwa na la kuzipinga. Mwenzake akachora daraja la zege lenye nguzo nne na vyuma vya kushikilia pembeni, kama lile analovuka akienda kwao likizo. Nyumba aliiweka mbele kabisa, na mawe akayapanga kando ya barabara. Walipogeuka kulinganisha karatasi zao, darasa zima lilicheka. Halafu likanyamaza, maana kila mmoja aliona kwamba mwenye penseli hakukosea. Alichora alichoambiwa, na pale ambapo hakuambiwa kitu alijaza kwa kile alichokijua.

Maneno “zuri sana” na “inavutia” hayakumsaidia hata kidogo. Yalimweleza mwenzake anavyojisikia, hayakumwonyesha kilichopo.

Picha yenyewe na aliyeichora

Picha tuliyotumia inaitwa Greta Bridge, yaani Daraja la Greta. Aliichora John Sell Cotman mwaka 1805, akiwa na umri wa miaka 23. Leo imehifadhiwa katika British Museum, London, ambayo iliipata mwaka 1902. Si picha kubwa: ina karibu sentimita 23 kwa 33, yaani inazidi kidogo tu karatasi ya kawaida ya A4.

Cotman alizaliwa Norwich, mashariki mwa Uingereza, mwaka 1782. Alikwenda London akiwa kijana kutafuta maisha kwa kuchora. Kati ya mwaka 1803 na 1805 alisafiri kila kiangazi hadi Yorkshire, kaskazini mwa nchi hiyo, ambako familia moja ya wenye mali ilimkaribisha na kumpa kazi ya kuwafundisha mabinti zao kuchora. Katika safari ya 1805 alifika Rokeby, karibu na mahali ambapo mto Greta unaingia mto Tees. Alikaa kwanza kwa wenyeji wake, kisha akahamia katika nyumba ya wageni iliyokuwa jirani na daraja. Baadaye mwaka huo aliandika katika barua kwamba sehemu kubwa ya kiangazi aliitumia kujifunza kupaka rangi akitazama vitu vya asili vyenyewe.

Daraja hilo lilijengwa katika karne ya 18 kwa ramani ya John Carr, mbunifu maarufu wa majengo kutoka York. Lina tao moja tu la mawe linalovuka mto kwa mruko mmoja, bila nguzo katikati. Katika picha ya Cotman, tao hilo limekaa katikati na linang'aa kwa rangi iliyokwajuka. Pande zote mbili kuna miti mizito ya rangi nzito. Karibu na daraja pana nyumba. Mbele, ndani ya mto, mna mawe makubwa, na maji yametulia kiasi kwamba sura ya daraja inaonekana ndani yake. Juu ya yote hayo ni anga lenye mawingu.

Wakati huo Uingereza ilikuwa katika kipindi cha ulimbwende, mkondo ambao baadhi ya wataalamu wetu huuita uromantiki. Wanafunzi wa fasihi wanaufahamu kwa upande wa ushairi: mwaka 1798 Wordsworth na Coleridge walichapisha Lyrical Ballads, mkusanyiko unaotajwa sana kuwa mwanzo wa ulimbwende katika fasihi ya Kiingereza. Wachoraji nao walitoka mjini wakaenda milimani na mitoni. Kulikuwa na sababu za kawaida kabisa pia. Vita vya muda mrefu na Ufaransa, vilivyoanza mwaka 1793 na kumalizika 1815, vilifanya safari za kwenda Ulaya bara kuwa ngumu, hivyo Waingereza wakaanza kuizunguka nchi yao wenyewe. Isitoshe, mwishoni mwa karne ya 18 rangi za maji zilianza kuuzwa zikiwa vipande vidogo vikavu vya kulowekwa kwa brashi. Mchoraji aliweza kubeba kazi yake yote mfukoni.

Tunaposikia ulimbwende, aghalabu tunafikiria hisia zinazofurika: dhoruba, maporomoko, machozi. Cotman ni wa mkondo huo huo lakini njia yake ni tofauti. Picha yake haipigi kelele. Kwanza alichora mistari myepesi ya penseli. Kisha akapaka tabaka moja la rangi nyepesi, akasubiri likauke, akaongeza jingine juu yake pale tu palipohitajika. Kila tabaka lina ukingo uliokatika vizuri, kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi. Majani ya miti hakuyachora moja moja, bali aliupaka mti mzima kama umbo moja. Na jambo muhimu kuliko yote kwa somo letu ni hili: mwanga hakuupaka. Pale palipotakiwa kung'aa aliacha karatasi yenyewe ionekane. Katika rangi za maji, mwanga ni mahali ambapo mchoraji alijizuia.

Hapo ndipo tulipowaambia wanafunzi wetu: anayeeleza vizuri naye hujizuia. Neno “zuri” ni rangi iliyomwagwa juu ya karatasi yote, ikifunika mwanga. Tuliondoa maneno matano katika zoezi la pili: zuri, pendeza, vutia, mingi na sana. Wengi walilalamika kwamba hakuna kilichobaki. Tulipochunguza pamoja, tuliona kwamba vilivyobaki ni vingi, na tunavieleza hapa chini.

Mahali: pa, ku na mu

Lugha chache zimepewa zana nzuri za mahali kama Kiswahili. Tuna ngeli ya mahali yenye sura tatu: PA kwa mahali mahususi panapoonekana, KU kwa mahali pa jumla au pa mbali, na MU kwa ndani. Wanafunzi wanaikariri kwa ajili ya mtihani, kisha wakiandika wanatumia “kuna” peke yake kwa kila kitu. Hebu tulinganishe:

1. Kuna mawe. Kuna nyumba. Kuna miti.
2. Mtoni mna mawe. Kando ya daraja pana nyumba. Ng'ambo kuna miti.

Katika mfano wa pili, mwenye penseli tayari ana picha ya pande tatu. Mawe yamo ndani ya maji, nyumba ipo mahali panapoweza kuonyeshwa kwa kidole, na miti iko kule nyuma. Hata viambishi -mo, -po na -ko vinafanya kazi hiyo hiyo: mawe yamo, nyumba ipo, miti iko. Vivyo hivyo mle, pale na kule.

Kwetu sisi wa nchi jirani, jambo hili lina ugumu wake na faida yake. Mganda husema ku lutindo na mu mugga. Mnyarwanda husema ku kiraro na mu nzu. Nao Kiswahili cha Kongo kina mu nyumba na ku soko. Kwa sababu hiyo wanafunzi wetu huandika “ku daraja” au “mu mto”, na walimu huweka alama nyekundu. Ni kweli kwamba Kiswahili sanifu kinataka kiambishi -ni mwishoni, yaani darajani na mtoni. Lakini kabla ya kuweka alama hiyo tukumbuke kwamba mwanafunzi huyo ameshaonyesha kuwa anatofautisha ndani na juu. Msingi anao kutoka nyumbani. Kazi yetu ni kumhamishia msingi huo: “mu mto mna mawe” iwe “mtoni mna mawe”. Upatanisho wa mna unabaki pale pale.

Tuangalie pia “juu ya”. Tukisema “juu ya daraja kuna wingu” na “juu ya daraja kuna mtu”, maneno ni yale yale lakini wingu haligusi daraja na mtu analikanyaga. Mchoraji hutatua suala hilo kwa mstari mmoja. Sisi tunalitatua kwa kitenzi: wingu limetanda juu ya daraja, mtu amesimama darajani.

Hali: -me- na -na-

Hapo tunaingia katika zana ya pili. Picha haitembei. Kila kilichomo kimeshatulia katika hali fulani, na Kiswahili kina kiambishi cha hali hiyo, ambacho ni -me-. Mwanafunzi mmoja aliandika “maji yanatulia”. Tulimuuliza: je, yalikuwa yanachafuka, na sasa yanaanza kutulia? Akasema hapana, ni matulivu. Basi “maji yametulia”. Vivyo hivyo: tao limepinda, miti imesimama, matawi yameinama, mawe yamelala mtoni, nyumba imejificha, mawingu yametanda. Vitenzi hivi vya mkao havina haja ya kivumishi cha kuvipamba. Kila kimoja kinabeba umbo lake.

Tuliwaomba wanafunzi waiandike picha nzima bila kutumia “kuna” zaidi ya mara mbili. Walilalamika, lakini matokeo yalikuwa bora kuliko tulivyotarajia.

Rangi zinazopatana na zisizopatana

Rangi ndipo madai ya uhaba wa maneno yanapozidi. Kiswahili kina mashina matatu ya rangi yanayopatana na ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Tunasema daraja jeupe, miti myeusi, mawe mekundu, ukuta mweupe. Rangi nyingine huitwa kwa kitu ambacho msikilizaji anakifahamu: kijani kutokana na jani, kijivu kutokana na jivu, kahawia kutokana na kahawa, manjano kutokana na kiungo cha manjano, zambarau kutokana na tunda. Hizi huunganishwa kwa kihusishi: mawe ya kijivu, maji ya rangi ya kahawia.

Wengine wanaona huo ni upungufu. Sisi tunaona ni mlango ulioachwa wazi. Kwa kuwa rangi huitwa kwa kitu, mwandishi ana ruhusa ya lugha yenyewe kuchagua kitu kinachofaa. Daraja la Cotman si jeupe kabisa, wala si la manjano. Wanafunzi wetu walipendekeza rangi ya mchanga mkavu, rangi ya ganda la yai la kienyeji, na rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Walibishana kwa muda mrefu, nasi hatukuwazuia. Darasa linalobishana kuhusu rangi ya daraja kwa Kiswahili, bila kukimbilia Kiingereza, limeshapona ugonjwa tuliouanza nao.

Kivuli na sura

Neno moja lilituletea shida ya kweli. Wengi waliandika “kivuli cha daraja kiko majini”. Kivuli katika Kiswahili kina upana: ni giza linaloangushwa na kitu kilichozuia mwanga, na pia ni umbo linaloonekana katika maji au kioo. Katika picha ya mto, vyote viwili vinaweza kuwa mahali pamoja. Chini ya tao mna giza, na juu ya maji mna sura ya tao lenyewe limegeuzwa chini juu. Tulikubaliana kutumia kivuli kwa lile giza, na sura kwa kile kinachoonekana majini. Hatudai kwamba huu ndio uamuzi wa mwisho, na wasomaji wenye maoni wanakaribishwa. Muhimu ni kwamba haja ya kutofautisha ilitokana na kutazama, na maneno yakapatikana.

Neno daraja lenyewe linafaa kusimamiwa kidogo. Ni njia ya kuvukia mto, na pia ni cheo au kiwango: daraja la kwanza, daraja la pili. Mwanafunzi mmoja alisema kwa utani kwamba amelitazama daraja kwa wiki mbili ili apate daraja.

Mwalimu aliyeazimisha michoro yake

Cotman hakutajirika kwa picha hizi. Alirudi Norwich mwaka 1806, na sehemu kubwa ya maisha yake aliishi kwa kufundisha kuchora, akisumbuliwa na madeni na vipindi vya huzuni nzito. Lakini kama mwalimu alifanya jambo ambalo sisi walimu tungependa kulijua. Mwaka 1809 alitangaza maktaba ya michoro, karibu 600, ambayo mwanafunzi aliyelipa ada aliazima, akaenda nayo nyumbani, akainakili, kisha akairudisha. Michoro hiyo ilitiwa nambari, na kwenye baadhi yake nambari hizo bado zinaonekana. Mwaka 1834 aliteuliwa kuwa mwalimu wa uchoraji katika King's College School, London, akafundisha huko hadi alipofariki mwaka 1842. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Dante Gabriel Rossetti, ambaye baadaye alikuwa mchoraji na mshairi mashuhuri. Sifa kubwa ya Cotman mwenyewe, hasa kwa picha zile za Greta, ilikuja katika karne ya 20, muda mrefu baada ya kifo chake.

Tunachojifunza kwake ni kwamba kunakili si aibu. Mwanafunzi hujifunza kutazama kwa kufuata mkono wa aliyetazama kabla yake. Nasi tumeanza kuweka pamoja maelezo bora ya mahali yaliyoandikwa na wanafunzi wetu, tukayatia nambari, na mwanafunzi mwingine huyaazima ili ayachore au ayaandike upya kwa maneno yake.

Jinsi ya kufanya zoezi hili darasani

1. Tafuta picha moja ya mandhari yenye vitu vichache. Kama hakuna njia ya kutoa nakala, mwalimu achore ubaoni kwa chaki huku nusu ya darasa ikiwa imegeuka.
2. Wanafunzi wakae wawili wawili wakipeana migongo. Mmoja aeleze, mwingine achore. Walinganishe.
3. Ondoa maneno ya sifa tupu. Rudia zoezi.
4. Dai angalau sentensi moja ya PA, moja ya KU na moja ya MU.
5. Dai vitenzi vitano vya mkao vyenye -me-.
6. Rangi moja iitwe kwa kitu ambacho mwanafunzi amechagua mwenyewe.
7. Mwisho, kila mmoja aandike aya moja ya daraja, kivuko au kijito anachokijua, kwa kumbukumbu.

Yule mwanafunzi wetu wa kwanza, mwenye “daraja zuri sana”, aliandika katika hatua ya saba kuhusu gogo lililolazwa juu ya kijito nyuma ya shule yake ya msingi. Hakutumia neno zuri. Aliandika kwamba katikati gogo limelika, na kwamba pale palipolika maji ya mvua hubaki asubuhi nzima. Mwenzake alilichora bila kuuliza swali, na safari hii karatasi mbili zilifanana.

Tunawakaribisha walimu wenzetu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wajaribu zoezi hili na kutuletea matokeo yao, pamoja na maneno ya rangi na ya mahali yanayotumika kwao. Tukutane katika toleo lijalo.